Miche ya Sabuni Iendayo Beni

Bulengera, Jumatatu, tarehe 3 Septemba 2001

Leo mvua ya kwanza ya msimu imeshuka, nami nimeona inafaa kufungua kumbukumbu hizi siku iyo hiyo, ili mambo yetu yasije yakasimuliwa na watu wasioyashuhudia. Mimi ni Éliakim Lusenge, mkazi wa Bulengera katika Butembo, mwandishi wa maombi ya watu mbele ya ofisi. Masomo yangu yalikoma darasa la nne. Yaliyosalia niliyapata katika Biblia, katika kamusi isiyo na jalada, na katika kusoma barua za wale walionitangulia kuomba. Mke wangu Jokébed ni mpika sabuni. Yeye hupika, mimi hukata miche.

Jambo lililonitia kalamu mkononi ni hili. Binti yetu Solange, aliyeolewa Beni, ana mimba ya miezi sita. Mimba yake ya kwanza iliharibika nyumbani, kwa damu nyingi, siku ambazo risasi zilimzuia kila mtu kutoka mlangoni. Tangu hapo muuguzi Adèle, msimamizi wa nyumba ya uzazi ya Ruwenzori kule Beni, amemkataza mambo mawili: asizae mbali na mikono yake, wala asisafiri katika barabara yenye mashimo. Basi hatuwezi kumleta kwetu.

Na leo Adèle ametuletea ujumbe kwa mkono wa dereva. Sabuni inakaribia kwisha. Njia ya Kasindi imefungwa na mapigano, na hakuna kinachovuka kutoka Uganda. Wazazi wawili wamepata homa baada ya kujifungua, mmoja amefariki. Ameandika hivi: "Siku mche wa mwisho utakapokwisha nitafunga mlango, kwa maana nyumba ya uzazi isiyo na sabuni ni mtego." Anaomba miche migumu inayokatika vipande, kila mzazi apewe cha kwake kisichoguswa na mkono wa mwingine.

Nimemsomea Jokébed. Amesema, "Tutapika."

Nimemkumbusha kwamba soda kali ya kupikia sabuni nayo hutoka Kasindi.

"Nilisema tutapika," amenijibu. "Sikusema na nini."

Tarehe 6 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna mteja.

Tarehe 10 Septemba

Nimekamilisha ombi kwa Kamanda wa vizuizi vya barabara ya Beni, nalo limepelekwa ofisini kwake leo hii. Nakala ninayo. Naridhika hasa na aya hii: "Sisi wapika sabuni wa Bulengera tunasimama mbele yako kwa unyenyekevu usio na unafiki, tukikusihi uamuru kwamba sabuni ya nyumba ya uzazi ya Ruwenzori ipite katika vizuizi vyote bila kucheleweshwa, bila kupunguzwa na bila kuguswa." Jokébed ameuliza kwa nini naomba njia ya sabuni ambayo haijapikwa. Nimemweleza kwamba ombi hutangulia haja, kama vile jembe hutangulia mbegu. Ameniomba niende nikamletee maganda ya ndizi.

Tarehe 14 Septemba

Maganda yamekauka juu ya bati katika saa chache za jua, yamechomwa, na majivu yametiwa ndani ya pipa lenye matundu chini. Jokébed amemimina maji juu yake. Yanayotona ni ya rangi ya chai, na yanawasha ngozi. Ameweka yai la kuku ndani yake nalo limeelea. Hiyo ndiyo alama aliyoachiwa na bibi yake kwamba maji ya majivu yana nguvu ya kutosha.

Tarehe 22 Septemba

Tumepika siku nzima kwa mafuta ya mawese. Imetoka sabuni, hilo halina ubishi: inatoa povu na inaondoa masizi. Lakini ni uji wa kahawia, haisimami. Sabuni ya majivu ndivyo ilivyo. Huwezi kuikata, na ukiiweka katika kopo moja wazazi kumi watachovya mikono humo, jambo lile lile alilolikataa Adèle.

Jokébed ameketi mbele ya chungu. Kisha amesema kwamba bibi yake, alipotaka sabuni ya kubeba safarini, alitia chumvi. Chumvi huitenga sabuni na maji, ikapanda juu, ikawa ngumu.

Chumvi! Tangu mwezi wa saba Bulengera inakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila ladha. Chumvi yetu ni ya Katwe, ng'ambo ya mpaka uleule uliofungwa. Walio nayo wameificha hata kwa ndugu zao.

Tarehe 30 Septemba

Sisi wenyewe tulikuwa na kikombe kimoja. Jokébed amekijaribu katika sufuria ndogo. Imekuwa ngumu. Sasa tunajua, na hatuna.

Jumapili, tarehe 7 Oktoba

Mchungaji alinipa ruhusa kusoma mbele ya waamini baada ya ibada. Nilikuwa nimetunga kurasa mbili, "Ombi kwa Wakazi wa Bulengera Kuhusu Matumizi ya Chumvi kwa Faida ya Wote". Nilisoma nikiwa nimesimama wima, bila kukosea hata neno moja.

Nilipomaliza nilizikunja kurasa zangu. Ndipo akainuka Mama Vagheni, muuza ndizi, jirani yetu wa upande wa chini, mwanamke ambaye sauti yake hufika sokoni kabla ya miguu yake.

"Papa Éliakim, umesoma muzuri sana," alisema. "Mais chumvi yangu hapana jua kusoma. Sombe yangu inaililia tangu mwezi wa saba, na weye unataka tuitupe mu sabuni. Donc tunawe mikono muzuri, tukule mubaya?"

Watu walicheka hadi mchungaji akageukia ukuta. Hakuna aliyetoa hata chembe. Naandika hapa, bila hasira, kwamba mwanamke huyo hana adabu wala hajui maana ya neno faida.

Tarehe 9 Oktoba

Mvua ya mawe. Nimepita upande wa juu ili nisipite kwake.

Jumamosi, tarehe 13 Oktoba

Saa nne asubuhi Mama Vagheni aliingia uani kwetu bila kubisha hodi. Mkononi alikuwa na jani la mgomba lililofungwa kwa kamba. Hakunisalimu. Alikaa juu ya kinu akanitazama.

"Jana nilikutana na mama Jokébed kwenye chemchemi. Ameniambia juu ya Solange. Ile siku ulisoma makaratasi mbili. Mu ile makaratasi yote, Solange hakuwa ndani. Juu ya nini?"

Nilimjibu kwamba ombi la watu wote halipaswi kubeba haja ya mtu mmoja, kwa kuwa huo ungekuwa upendeleo.

"Njo maana watu wote hawakutoa," alisema. "Mutu hatoi chumvi yake juu ya 'wote'. Wote ni nani? Anakaa wapi? Solange mie ninamujua. Alikuwa akiniibia ndizi hapa."

Alilifungua lile jani. Ndani mlikuwa na chumvi ya Katwe, ya kijivu, konzi moja.

"Sikia. Kwetu, mwanamuke akizaa, jirani banakwenda mikono mitupu? Hapana. Banabeba kuni, banabeba chumvi ya kumutilia mu mboga. Bon. Ile chumvi ya Solange tutaitoa sasa. Mutoto akikuja, tutakuja na kuni tu, na hakuna mutu atatucheka. Na wale bengine banaongojea kuzaa kule Beni, nao ni batoto ba watu."

Jokébed alimshukuru kwa lugha yetu, "Wasingya, mama."

"Usiseme wasingya. Washa moto."

Alipotoka nilimsikia akianza nyumba ya kwanza. Hakuomba. Alidai, kama mtu anayekusanya kilicho cha Solange.

Jumatano, tarehe 17 Oktoba

Siku tatu majirani wamekuja, katikati ya mvua, na jioni na asubuhi. Sijawahi kuona chumvi za namna nyingi hivi. Ya kijivu ya Katwe katika majani. Nyeupe laini katika karatasi ya daftari. Iliyolowa, iliyokwanguliwa chini ya mtungi pamoja na vumbi la udongo. Mzee mmoja ameleta jiwe la chumvi lililolambwa na mbuzi upande mmoja, akaomba radhi kwa niaba ya mbuzi. Mjane wa kwenye kona ameleta kijiko kimoja cha chai akakishika kwa mikono miwili hadi Jokébed akakipokea kwa mikono miwili.

Nilitaka kuandika majina yao yote. Mama Vagheni amenikataza. "Ukiandika, mwenye kijiko ataona haya mbele ya mwenye bakuli."

Nimeiweka kalamu chini, na naona alikuwa na haki.

Jumamosi, tarehe 20 Oktoba

Leo imefanyika. Nalieleza kwa utaratibu, kwa maana ni jambo ninalotamani lisipotee.

Chungu kilikuwa kimejaa ule uji wa kahawia, ukichemka taratibu. Ua ulijaa watu waliotoa chumvi, wakitaka kuona inakokwenda. Jokébed aliitia chumvi kidogo kidogo, konzi kwa konzi, huku akikoroga na mwiko mrefu. Konzi ya kwanza haikuleta kitu. Ya pili haikuleta kitu. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Imekufa, chumvi yetu." Jokébed hakugeuka. Aliendelea, na ghafula uji ulikatika kama maziwa yanavyoganda. Madonge ya rangi ya asali yalianza kupanda, na chini yake yakabaki maji meusi. Alichota donge moja kwa upawa, akalipuliza, akalibonyeza kwa kidole. Halikubonyea.

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee wa mbuzi alivua kofia yake mvuani. Na Jokébed, ambaye katika miaka yetu yote ya ndoa sikumwona akijisifu, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Na chumvi haijapotea. Iko mu ile maji. Tutapika nayo mara ya pili."

Mama Vagheni alinisukuma begani. "Andika hiyo, papa. Hiyo njo andika."

Tarehe 22 Oktoba

Sabuni yetu ni ngumu lakini inanuka majivu na mawese ya zamani. Nilishauri tuitie manukato ya mti: maranda yakiloweshwa katika mafuta ya moto huacha harufu yake humo. Malachie seremala, mdogo wangu wa ukoo, amenipa gunia la maranda ya misipre bila masharti. Karakana yake imejaa hayo hadi magotini. Tumeloweka, tumechuja, tumeyachanganya na madonge, tumemimina katika kalibu za mbao. Ua wote unanukia mti. Naona fahari kwamba shauri hili lilikuwa langu.

Tarehe 26 Oktoba. Mvua.

Tarehe 29 Oktoba. Mvua. Miche bado laini pembeni.

Jumamosi, tarehe 3 Novemba

Tulikata miche leo kwa waya. Imetoka mizuri, ya kahawia iliyoiva, kingo zake zimenyooka. Nilimwita Mama Vagheni awe wa kwanza kuushika mche mmoja.

Aliuinua puani. Uso wake ulibadilika, akaurudisha mezani taratibu sana.

"Nini, mama?" Jokébed aliuliza.

"Inanuka sanduku."

Nilitaka kubisha, kisha nami nikanusa, na safari hii nilinusa kama watu wote wa mtaa huu wanavyonusa. Malachie hatengenezi kitu kingine siku hizi. Tangu vita viingie vijijini, kazi yake ni masanduku ya kuzikia, nayo ni ya msipre kwa sababu ndio mbao nyepesi na ya karibu. Kila nyumba iliyoomboleza mwaka huu ililala na harufu hiyo sebuleni. Nami nimeitia ndani ya sabuni ya kumpokelea mtoto.

Nilisema, nikijua ni neno dhaifu, kwamba harufu haina hatia.

"Sema vile kwa mwanamuke mwenye uchungu," alijibu Mama Vagheni, bila ukali. "Ataamuka kitandani, atatembea mpaka kwao na mutoto mu miguu."

Chumvi ya watu wote. Kijiko cha mjane. Jokébed alifunika miche kwa nguo, kama mtu afunikavyo uso wa maiti, akaingia ndani.

Jumapili, tarehe 4 Novemba

Baada ya ibada nilikwenda karakana kwa Malachie. Sikuandika chochote cha kumsomea. Nilimwekea mche mkononi nikamwambia alivyosema Mama Vagheni.

Aliunusa kwa muda mrefu, kisha akajibu akiniita yaya, yaani kaka. "Ni kweli, yaya. Hata mie ninanuka vile. Bibi yangu, mama ya batoto, ananiambia mbele ya kula niende kubadilisha shati." Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Sijatengeneza kitanda tangu Pasaka ya mwaka jana. Hakuna mutu anaomba kitanda."

Nilimuuliza kama ana mbao nyingine yoyote.

Alinipeleka nyuma. Chini ya turubai kulikuwa na mbao nne za libuyu, nyekundu, nzito, za msitu wa upande wa Beni. Mtu alikuwa ameziagiza kwa kitanda cha harusi ya mwanawe, kisha jamaa yote ikakimbilia Kanyabayonga na kutuma neno kwamba fundi azifanyie apendavyo. Malachie hakuwa amethubutu kuzigeuza masanduku. Alitoa randa akaivuta mara moja juu ya ubao. Utepe mrefu wa mbao ukajikunja, mwekundu, na harufu yake ikafika kabla sijainama: ya pilipili kidogo, ya utamu kidogo, harufu ya chumba cha watu waliooana jana.

"Hii kila mutu anaijua," alisema. "Hii ni kitanda mupya."

"Utapoteza mbao zako."

"Sitapoteza. Nitatengeneza kitanda, yaya. Maranda njo utabeba. Acha mukono ukumbuke kazi."

Niliketi pale hadi jioni nikikusanya maranda miguuni pake. Aliimba. Watu waliopita barabarani walisimama kusikiliza randa inayokwenda polepole, maana randa ya masanduku hukimbia.

Alhamisi, tarehe 8 Novemba

Tumeikwangua miche yote na kuirudisha chunguni pamoja na yale maji ya chumvi. Shauri la Jokébed lilikuwa kwamba harufu ya msipre itaondoka na mvuke. Tumemweka Mama Vagheni upande wa upepo kuwa mwamuzi. Kila mara Jokébed akimtazama, alinusa na kusema, "Bado." Saa nane: "Bado, ninamuona marehemu shemeji yangu." Saa kumi: "Bado, mais yuko mbali." Hatimaye alinusa mara tatu, akakunja mikono. "Bon. Amezikwa. Tia kitanda."

Jokébed alitia mafuta ya libuyu, na watu waliokuwa nje ya ukuta wakaanza kuuliza nani anaoa.

Jumatano, tarehe 14 Novemba

Ujumbe kutoka Beni. Adèle amefunga mlango tangu Jumatatu. Ameandika maneno machache: "Nimewaambia wanawake wasubiri kwao. Solange amevimba miguu. Sina la kuongeza."

Tarehe 16 Novemba. Mvua usiku na mchana. Miche inatoa jasho.

Tarehe 17 Novemba. Mvua. Nimesali kwa maneno mafupi.

Jumapili, tarehe 18 Novemba

Miche haiwezi kukauka katika nyumba moja yenye unyevu. Jambo hili nililitangaza mwenyewe kanisani leo, bila karatasi. Nilisema tu, "Ndugu, tunahitaji moto wenu. Kila nyumba yenye jiko ichukue miche iiweke juu ya kichanja, mbali na moshi, mpaka ikauke. Solange anangoja. Mlango umefungwa."

Walimfuata Jokébed hadi nyumbani, wakaondoka na miche mikononi, na hakuna nyumba iliyokataa. Jioni nilitembea mtaa mzima. Hakukuwa na mlango ambao libuyu haikunukia. Wale waliozika mwaka huu, nyumba zao zinanuka kitanda kipya. Mama mmoja aliniambia kwamba mumewe amerudi mapema kutoka kwenye pombe, akisema amefikiri kuna arusi kwake.

Jumamosi, tarehe 24 Novemba

Jua siku mbili. Miche imerudi kwetu yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa upungufu, kwa kuwa sabuni ni adimu kuliko nyama, na sikuandika aliyepewa mingapi. Haikupungua hata mmoja. Baadhi imerudi na alama ya kidole cha mtoto. Ukiigonganisha inalia kama mbao.

Jumanne, tarehe 27 Novemba. Njiani

Tumeondoka alfajiri: Jokébed, Mama Vagheni aliyejialika mwenyewe, Malachie na mimi. Mzigo uko juu ya chukudu ya Malachie, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, nasi tunaisukuma milimani na kuizuia mabondeni. Matope yanafika vifundoni.

Baada ya Maboya tulifika kizuizini. Askari watatu, mti uliolazwa njiani, moto mdogo. Mkubwa wao alituita kwa Lingala, "Yaka awa," akachoma gunia kwa mtutu wa bunduki.

"Ni nini?"

"Sabuni, chef," alisema Malachie.

"Sabuni itatoka wapi na njia imefungwa? Mwizi weye." Alitoa mche, akaunusa. "Hii ni mbao. Munapitisha mbao. Shusha yote."

Malachie alianza kufungua kamba. Jokébed alishika mkono wangu. Sikuwa na cheti chochote cha kupita. Kamanda hajawahi kutujibu. Nilichokuwa nacho mfukoni ni nakala ya ombi langu, nami sikuona kingine cha kufanya ila kile ninachokijua.

Niliikunjua. Nilisema, "Ndugu askari, kuna karatasi."

Aliichukua akaitazama, akaigeuza, akanirudishia. "Soma."

Nikasimama katikati ya barabara nikasoma, wima, kama nilivyosoma kanisani, bila kuruka neno. "Mheshimiwa Kamanda wa vizuizi vyote vya barabara ya Beni." Yule kijana aliyekuwa ameketi kwenye moto aliinuka. "Uamuru kwamba sabuni ya nyumba ya uzazi ya Ruwenzori ipite katika vizuizi vyote, bila kucheleweshwa, bila kupunguzwa na bila kuguswa." Wa pili alivuta shati lake likanyooka. Nilisoma hadi tarehe na sahihi.

Mkubwa wao alikuwa bado ameshika mche. "Kamanda anaijua hii mambo?"

"Iko ofisini kwake tangu tarehe kumi Septemba."

"Na alijibu nini?"

Mimi si mwongo, wala sikutaka kuanza katika barabara hiyo. "Hajaikataa," nilisema.

Aliwatazama wenzake. Wao walitazama ule mti. "Kama yeye hajaikataa," alisema hatimaye, "mie ni nani?" Akaunusa mche mara moja tena, akaurudisha guniani, akaubonyeza vizuri mahali pake. "Bila kuguswa, muzee. Pita."

Tulisukuma hadi kona iliyotuficha. Hapo Mama Vagheni alikaa chini kwenye matope akacheka hadi machozi. "Makaratasi mbili, hakuna mutu alitoa chumvi," alisema. "Karatasi moja, na bunduki imesema ndiyo. Papa Éliakim, kumbe ulikuwa unasomea watu bale hawafai." Kisha aliomba nimsomee tena, nami nikamsomea, na aliposikia "usio na unafiki" akapiga makofi.

Jumatano, tarehe 28 Novemba. Beni

Joto, jua, vumbi tangu asubuhi. Hapakuwa na haja ya kuuliza njia. Wanawake wenye mimba walikuwa wameketi kwenye baraza ya nyumba ya uzazi, mbele ya mlango uliofungwa, kwa sababu hawakuwa na mahali bora pa kungojea. Solange alikuwa mmoja wao. Alijaribu kuinuka, mama yake akamshika mabegani na kumketisha, akamvua viatu akaikanda miguu yake pale pale, bila salamu.

Adèle alitoka kwa mlango wa nyuma. Ni mwanamke mfupi, hapotezi neno. Alichukua mche, akaukata kwa kisu, akatazama ndani kama unavyotazama nyama, akanawa mikono yake kwa maji ya ndoo mbele yetu, hadi viwiko, polepole. Aliinusa mikono yake. Akavinusa tena viganja.

"Ni nini hii?"

"Libuyu," alisema Malachie.

Mwanamke mmoja barazani, tumbo lake likiwa juu kabisa, alisema, "Ni kama kwangu, ile wiki ya kwanza." Mwenzake akamuuliza kama ile wiki ya kwanza ndiyo iliyomfikisha hapa. Wakacheka wote, wakishika matumbo.

Adèle alitoa ufunguo shingoni. Kufuli lilikuwa limeanza kushika kutu. Malachie alilisugua kwa kipande cha sabuni likafunguka. Waliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia alipewa kipande chake mkononi.

Tarehe 30 Novemba

Watoto wawili wamezaliwa, wa wanawake tusiowajua. Mama Vagheni amewatafutia kuni wote wawili.

Jumatatu, tarehe 3 Desemba

Solange alishikwa na uchungu jana jioni. Sitaandika habari za saa zile, kwa kuwa nilikuwa nje na sikuzishuhudia. Nilisikia sauti yake, nikasikia sauti ya Adèle ikisema "Tena," na Jokébed hakutoka kunieleza kitu. Mapambazuko yalipoingia nilisikia sauti ya tatu, ndogo, yenye hasira.

Msichana. Mama na mtoto ni wazima. Solange hana homa, na Adèle amesema hatakuwa nayo.

Nilifika mlangoni kwa haraka isiyolingana na umri wangu. Adèle alinyoosha mkono akanizuia.

"Mikono, papa."

Nilinawa kwenye ndoo, kwa sabuni yetu, nikarudi. Aliishika mikono yangu akaigeuza, akagusa kidole changu cha kati.

"Hiki ni nini?"

"Ni wino," nilisema. "Ni wa kazi. Miaka mingi haujatoka."

"Wino ni uchafu kama mwingine. Rudi."

Nilirudi. Nilisugua kidole hadi ngozi ikawa nyekundu, nikaja tena, akatazama kucha, akanionyesha ndoo. Ndani Mama Vagheni alikuwa akicheka na Solange akimwambia, "Mama, unyamaze, nina maumivu nikicheka." Nilinawa mara ya tatu, mpaka viwiko, kama nilivyomwona yeye akifanya. Nilipofika, Adèle hakutazama. Aliinusa mikono yangu, moja, kisha ya pili, akaniwekea mtoto.